Mpingo na Moto wa Kiangazi

Katika misitu ya miombo huko Kilwa aliishi Mpingo mchanga, mwenye miiba, aliyepinda kama bakora ya mzee. Kila kiangazi, wakulima walipochoma mashamba, moto uliwaponyoka ukaingia msituni. Mpingo, ambaye hakuwa amezipita nyasi kwa urefu, aliungua mpaka ardhini. Mvua zikija alichipua. Kiangazi kikirudi aliungua tena. Alihesabu mara saba.

Majirani wakamfariji.

"Mwanangu," alisema Mninga, "Mungu hachomi mti bure. Tafuta dhambi uliyoificha, uitubu."

"Kasoro ni sala," alisema Mkongo. "Mimi huomba alfajiri na jioni, nawe unaona majani yangu. Ungekuwa na imani, moto ungekupita kando."

Mzee Mbuyu akakohoa. "Shukuru tu. Wenzako wamekuwa mkaa."

Mpingo akaipekua dhamiri yake, akasali mpaka maneno yakamwishia. Kiangazi cha nane moto ukaja vilevile. Safari hii alilia, na kilichomliza hakikuwa maumivu: alikuwa amewaamini majirani zake. Mvua ziliponyesha, hakuchipua.

Siku moja Bibi Hondohondo akatua kando ya kisiki chake, mchovu, manyoya yake mapya hayajakomaa.

"Bibi, ulipotelea wapi miezi yote hii?"

"Gizani, mwanangu. Nilikuwa ndani ya tundu la Mbuyu, mlango umezibwa kwa udongo, umebaki ufa wa kupitisha mdomo tu. Manyoya ya kurukia yalininyonyoka. Nilikula nilicholetewa na mume wangu."

"Ulikosa nini hata ukafungwa hivyo?"

"Sikukosa. Nilikuwa nalea."

Mpingo akanyamaza kidogo. "Lakini wewe uliingia kwa hiari yako. Mimi moto sikuuomba."

"Kweli," alisema Bibi Hondohondo. "Wala sitakudanganya kwamba moto ni rafiki yako, au kwamba Mungu ndiye aliyeuwasha. Walioshika kiberiti niliwaona. Ila pale kanisani kijijini, ninapotua paani siku ya Ijumaa Kuu, nimesikia habari za Mmoja asiye na kosa, aliyetundikwa mtini nje ya mji. Naye alilia kwa sauti kuu akiuliza kwa nini ameachwa, na hapakuwa na jibu. Siku ya tatu akafufuka. Alipowatokea rafiki zake, unajua aliwaonyesha nini? Makovu. Aliyeshinda mauti angeshindwaje kuyafuta? Aliyaacha, na kwa makovu hayo Tomaso mwenye mashaka akaamini."

"Na mimi niliyeungua mara nane, nina nini cha kuonyesha?"

"Umezoea kujitazama juu. Jitazame chini. Kila mwaka majani yako yaliungua, lakini mzizi ulinenepa. Mzizi huohuo unaurutubisha udongo, na machipukizi yanayokuzunguka yanakula hapo. Nayo yameungua. Nani atayaambia habari ya mzizi, kama si wewe?"

Usiku ule Mpingo hakuomba kuepushwa na moto. Aliomba nguvu ya kuchipua kwa ajili ya wale wadogo. Asubuhi jani moja likatokeza.

Aliungua tena, akachipua tena, hata mwaka mmoja shina lake likazipita ndimi za moto. Hakukua haraka, kwani mpingo huchukua miaka 70 au zaidi kukomaa. Kiini chake kikawa cheusi, kizito hata kipande chake kikitupwa majini huzama.

Kiangazi kimoja, majivu yakiwa bado ya moto, chipukizi mmoja akalia: "Nimekosa nini?" Watoto wa Mninga na wa Mkongo wakawa tayari kumjibu, kama walivyofundishwa. Mzee Mpingo akawatangulia. Akainamisha tawi, akamwonyesha kovu lililo shinani mwake.

"Hukukosa, mwanangu. Nilikuwa hapo ulipo. Sogea, nikusimulie."

Ndugu msomaji, rafiki watatu wa Ayubu waliketi naye chini siku saba bila kusema neno, na hicho ndicho kitendo chao chema kuliko vyote. Walipofungua vinywa ndipo walipokosea, na mwishowe Mungu akawakemea. Mtume Paulo, aliyepigwa, akafungwa na kuvunjikiwa na jahazi, aliwaandikia Wakorintho kwamba faraja tunayopewa na Mungu katika dhiki ni ya kuwafariji wenzetu walio katika dhiki. Huenda usijue kamwe kwa nini uliungua. Lakini yupo jirani ambaye majivu yake hayajapoa. Nenda kaketi naye, na akikuuliza, mwonyeshe kovu lako.