Jinsi ya Kuhamia Phoenix Bila Kuiva

Hatua ya kwanza ni kumwomba binamu yako picha ya Julai. Ya Januari unayo tayari: yeye kavaa fulana, kasimama kando ya bwawa la kuogelea, nyuma yake mtende, na wewe uko Maine au Minnesota unachimbua gari kwenye theluji kwa koleo. Picha hiyo imehamisha watu wengi, na haidanganyi hata kidogo. Januari mchana Phoenix, Arizona, hufika nyuzijoto 20, anga jeupe, na wazee wa majimbo ya kaskazini humiminika huko kila msimu wa baridi. Ila ikifika Mei hawaonekani. Wana pesa, wana uzoefu wa miaka, na wamechagua kuondoka. Jifunze kwao kabla hujavunja mkataba wa nyumba yako.

Kwa hiyo nenda Julai, ukae wiki nzima. Siku moja acha gari la binamu, chukua chupa mbili za maji, ukasimame kituo cha basi saa kumi jioni. Usiende na mtoto wala mgonjwa. Hapo kituoni, kama hakijajengewa paa, utawakuta watu wanne watano wamejipanga kwenye mstari mwembamba, kila mmoja nyuma ya mwenzake, na basi lenyewe halijaonekana. Wamesimama ndani ya kivuli cha nguzo ya umeme. Kivuli kina upana wa mtu mmoja. Jua likisogea, nao wanasogea. Mama aliyebeba mtoto anamgeuza upande wa ndani ili mguu wake usitokeze juani. Simama nao mpaka basi lije, kisha ukae kwenye kiti ujiulize: katika mji huu mimi nitakuwa mtu wa gari au mtu wa nguzo?

Swali la kuhamia Phoenix ni hilo. Kodi ya nyumba, mshahara, shule za watoto, yote yanakuja baadaye. Huko unanunua kivuli na ubaridi, na lazima ujue mapema nani atalipa: wewe, mwajiri wako, au mwili wako.

Utaambiwa na kila mtu kwamba joto la kule ni kavu, halisumbui. Kama umezaliwa Tanga au Mombasa utaongeza na la kwako: joto nalijua tangu tumboni. Hulijui hili. La pwani linakulowesha, shati linaganda mgongoni, na usiku bahari inakuletea upepo. La jangwani linakausha jasho kabla hujaliona, ukadhani hutoki jasho, kumbe maji yanakutoka kila dakika. Ndiyo maana kule watu hunywa maji kwa saa, bila kungoja kiu. Na feni uliyoizoea haitakuokoa hewa ikishapita joto la ngozi yako: nyuzijoto 43 zikipulizwa usoni ni sawa na kupepea jiko la mkaa, moto unazidi.

Usiku nao hautoi nafuu unayoitegemea. Lami na zege vimekunywa jua mchana kutwa, vinalitema mpaka alfajiri. Mwaka 2023, kuanzia 30 Juni hadi 30 Julai, Phoenix ilikaa siku 31 mfululizo ikifika nyuzijoto 43 au zaidi kila siku, na kuna usiku ambao joto halikushuka chini ya nyuzi 36. Mwaka huo Kaunti ya Maricopa, lilipo jiji hilo, ilihesabu watu 645 waliokufa kwa sababu zinazohusiana na joto. Karibu nusu yao hawakuwa na makazi. Miongoni mwa waliokufia ndani ya nyumba zao, wengi walikuwa na kiyoyozi. Kilikuwa kibovu, au kimezimwa. Soma sentensi hiyo mara mbili, maana ndiyo inayotuhusu sisi tunaotuma pesa nyumbani kila mwezi na kubana matumizi kwenye bili ya umeme. Hiyo si bili ya kubana. Punguza kingine chochote.

Ukienda kuangalia nyumba, basi, usianze na jiko wala sebule. Uliza kiyoyozi kina umri gani na mara ya mwisho kilihudumiwa lini. Kiwashe, ukae humo saa nzima, na mwenye nyumba akikuona wa ajabu mwache akuone. Kama badala ya kiyoyozi kuna kile chombo kinachopoza hewa kwa kuipitisha kwenye maji, jua kwamba kinafanya kazi vizuri Juni hewa ikiwa kavu. Mvua za Julai na Agosti zikileta unyevu, kinageuka kuwa feni ya kelele. Angalia madirisha yanatazama wapi, ya magharibi ndiyo adui. Na sheria iko upande wako: jiji la Phoenix linamtaka mwenye nyumba anayepangisha yenye kiyoyozi ahakikishe kinaweza kushusha joto hadi nyuzi 28 au chini yake. Kikiharibika, toa taarifa kwa maandishi siku hiyohiyo, ubaki na nakala. Upole wetu wa kumsitiri mwenye nyumba haufai Julai. Tangu 2019, kampuni za umeme zinazosimamiwa na tume ya jimbo zimewekewa masharti ya kutomkatia mtu umeme kwa deni katika msimu wa joto kali. Deni halifutwi, linakusubiri, lakini utalikuta ukiwa hai.

Jikoni nako kuna kujipanga upya. Maharage ya kuchemka kwa saa tatu yanapasha nyumba nzima, na unalipia kiyoyozi kuliondoa joto hilo. Nunua sufuria ya presha. Ugali upikwe alfajiri au usiku, mandazi yahamie nje uani baada ya jua kuzama, na shangazi anayeamini kwamba makande hayakolei bila moto mdogo wa mchana kutwa aelezwe kwa heshima, mbele ya bili. Mipango mingi ya umeme hutoza bei kubwa zaidi saa za jioni, hivyo poza nyumba mapema mchana, funga mapazia, ndipo upunguze mashine. Usishangae pia ukifungua bomba la maji ya baridi yakaja ya moto. Julai ni kawaida. Maji ya kuogeshea mtoto uyakinge kwanza, uyapime kwa kiwiko, uyaache yapoe.

Gari lazima, na lenye kiyoyozi kinachofanya kazi. Kuna treni ya mjini tangu 2008, lakini jiji ni pana mno. Weka kizuia jua kwenye kioo cha mbele, na glavu za usukani. Hiyo ya glavu watu huicheka mpaka siku wanaposhika usukani uliolala juani tangu asubuhi. Kifungo cha chuma cha mkanda wa kiti kinaweza kumbabua mtoto, kiguse wewe kwanza. Betri hudumu miaka miwili au mitatu. Mtoto usimwache garini hata kwa kwenda kulipa petroli. Na lami usiikanyage peku: mchana wa kiangazi hufika nyuzijoto 70 na zaidi, na hospitali za huko kila mwaka hulaza watu walioungua kwa kuanguka tu barabarani. Umetoka msikitini, umeona gari lako linataka kuvutwa? Vaa kwanza kobazi.

Sasa kazi. Zipo: maghala, hoteli, usafi, kutunza wazee, uwanja wa ndege, na tangu kampuni ya TSMC ya Taiwan itangaze mwaka 2020 kwamba itajenga kiwanda cha chipu za kompyuta kaskazini mwa jiji, zimekuja na za huko. Anayekuita atakutajia dola kwa saa. Wewe uliza: kazi ni ndani au nje? Ghala lina kiyoyozi au mafeni? Lori la kupeleka mizigo linapozwa nyuma, au kwa dereva tu? Mapumziko ni kila baada ya muda gani, na ni kwenye kivuli cha nini? Machi 2024 baraza la jiji lilipitisha sheria inayowataka makandarasi wa jiji wawe na mpango wa kuwalinda wafanyakazi na joto, pamoja na maji, kivuli na mapumziko. Ni hatua nzuri, lakini inawahusu wenye mikataba na jiji. Bosi wa kawaida wa kuezeka mapaa hayumo. Kati ya kazi ya nje yenye dola mbili zaidi na ya ndani yenye pungufu, chukua ya ndani. Nasema hivi nikijua kwamba wengi hawana nafasi ya kuchagua, na ndiyo sababu nasema uchague kabla hujahama, ukiwa bado una kazi mkononi.

Kama lengo ni kununua nyumba, uliza maji yanatoka wapi. Wenyeji wa kale, Wahohokam, walichimba mifereji ya kumwagilia bonde hilo karne nyingi kabla ya Wazungu, wakaondoka mnamo mwaka 1450; walowezi wa miaka ya 1860 walifufua mifereji hiyohiyo. Leo sehemu ya maji huja kutoka mto Colorado kwa mfereji wa kilomita 541, na Agosti 2021 serikali ya Marekani ilitangaza kwa mara ya kwanza upungufu rasmi wa mto huo. Juni 2023 jimbo likasema halitaidhinisha tena mitaa mipya ya nyumba inayotegemea maji ya chini ya ardhi peke yake katika eneo la Phoenix. Ndani ya jiji bomba halijakauka. Hatari iko kwenye nyumba za bei poa nje ya mipaka: Januari 2023 mamia ya nyumba za Rio Verde Foothills zilizokuwa zikiletewa maji kwa malori kutoka mji jirani wa Scottsdale zilikatiwa huduma hiyo. Sheria ya 1980 inataka mitaa mipya ioneshe ina maji ya miaka 100. Omba kuiona karatasi, na dalali akikuambia usijali, jali.

Vidudu vinasimuliwa kupita kiasi. Nge wapo, wanang'aa ukiwamulika kwa tochi ya urujuanimno, kung'uta viatu imetosha. Kinachostahili hofu ni vumbi. Udongo wa Arizona una kuvu ambaye akivutwa mapafuni huleta homa ya bonde: kikohozi kisichoisha, homa, uchovu wa wiki nyingi. Wengi hupona wenyewe, lakini sisi watu weusi tuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuvu huyo kusambaa mwilini. Ukikohoa wiki ya tatu, mwambie daktari kwa kinywa chako akupime ugonjwa huo, hasa kama umeshahamia jimbo jingine ambako hakuna anayeufikiria. Na vumbi likikukuta barabarani, kama ule ukuta wa 5 Julai 2011 uliopanda zaidi ya kilomita moja angani, toka kabisa nje ya lami, weka handibreki, zima taa zote, ondoa mguu kwenye breki. Taa zikiwaka, aliye nyuma atadhani wewe ndiye njia, akufuate mpaka akugonge.

Baada ya hayo, mazuri. Kuanzia Novemba hadi Machi hakuna mji mkubwa Marekani ninaoupenda zaidi: watoto wanacheza nje Desemba, mbavu hazikubani kwa baridi, arusi inafanyika uani. Ramadhani za miaka hii zinaangukia humo, funga ni fupi na poa. Wakongo na Warundi waliopitia makambi ya Nyarugusu, Kakuma na Nakivale walipewa makazi Phoenix na Tucson, kwa hiyo ukifiwa utapata wa kukaa nawe kwa Kiswahili. Tena Arizona haibadilishi saa mara mbili kwa mwaka kama majimbo mengine mengi. Tofauti na Dar es Salaam au Nairobi ni saa kumi mwaka mzima, na Goma au Bujumbura saa tisa. Ukimpigia mama saa mbili usiku ukitoka kazini, kwake Dar ni saa kumi na mbili asubuhi, ameshaamka, chai iko mekoni.

Ukiamua kwenda, hama mwishoni mwa Oktoba. Utakuwa na miezi sita ya kupata leseni, gari, kazi ya ndani na nyumba isiyotazama magharibi. Bwawa la pale mnapoishi likaguliwe uzio na geti kabla mtoto hajalijua. Fundi wa kiyoyozi tafuta namba yake wiki ya kwanza, sambamba na ya mchungaji au imamu, umwite Aprili. Ukimpigia Juni atakuambia ukweli, kwamba kuna watu arobaini mbele yako.