Jinsi ya Kuediti Filamu Hapa Kipawa Bila Kumaliza Bando

Kwanza, usipakue chochote. Weka simu chini, fungua lile folda la vitu ulivyopakua, ulikague bila huruma. Humo mna pakiti ya trenzisheni elfu tatu za tangu mwaka juzi, moto, moshi, radi, fonti usizojua zilitoka wapi, na programu iliyokrakiwa ambayo kila ukiiwasha inakuomba uzime kinga ya virusi. Futa yote. Na yale mawaridi yanayodondoka juu ya bibi harusi, futa pia. Dada wa watu ameshinda saluni tangu alfajiri ili sura yake ionekane. Kwa nini umfunike na maua ya kompyuta?

Najua inauma, maana GB hizo zilinunuliwa kwa hela. Lakini mafundi wengi wa video kuanzia Karakata mpaka Vingunguti hawajakosa zana, zana zimewazidi. Mtandaoni kuna kila kitu cha kumfundisha mtu kuediti na kutengeneza efekti, na sehemu iliyo bora ni ya bure na ya halali. Chagua vichache, uvimalize.

Anza na DaVinci Resolve. Zamani mashine za da Vinci za kusahihisha rangi za filamu ziliuzwa dola laki kadhaa, na walioweza kuzigusa ni studio kubwa tu. Mwaka 2009 kampuni ya Blackmagic Design ya Australia iliinunua da Vinci, baadaye ikatoa toleo la bure la Resolve. Toleo hilo linakata picha, linasawazisha rangi, lina ukurasa wa efekti uitwao Fusion na wa sauti uitwao Fairlight, na linatoa video hadi ukubwa wa 3840 kwa 2160 bila kuchapa nembo juu ya kazi yako, ilimradi usitumie zile efekti za toleo la kulipia. Faili lake ni la GB kadhaa, kwa hiyo subiri bando la usiku. Laptopu yako ikiwa na RAM ya GB 8 itahema. Hapo chukua Kdenlive au Shotcut, nazo ni za bure na nyepesi zaidi. Hakuna mteja wa sendofu aliyewahi kuuliza video yake imekatwa kwa programu gani.

Sasa mwalimu. YouTube ina walimu wengi kuliko wanafunzi, na kila mmoja anaanza kwa kukuomba usabskraibu. Achana nao kwa muda. Blackmagic wenyewe wameweka vitabu vya mafunzo kwenye tovuti yao, vya PDF, bure, pamoja na picha za kufanyia mazoezi. PDF haili bando kama video, na kitabu kinakupa somo kwa mpangilio: hufiki kwenye milipuko kabla hujajua kukata maongezi ya watu wawili. Ni vya Kiingereza, hilo ni kweli. Kaeni wawili watatu, mmoja asome, mwingine ashike mausi, msibishane mpaka sura iishe. Na anayetaka mwalimu wa kumtazama usoni akumbuke kwamba kituo cha TEHAMA cha VETA kiko hapa hapa Kipawa. Aende akaulize wanafundisha nini.

Kuna jambo moja ambalo walimu wa mtandaoni watakupotosha bila kukusudia. Wengi wao ni Wamarekani, na umeme wa kwao ni wa hezi 60. Wetu ni wa hezi 50. Ukirekodi ukumbini kwa fremu 30 na shata ya 1/60, taa nyingi zitakuwa zinapepesa kwenye picha, na kuzitibu baadaye ni kazi ya kukesha. Rekodi fremu 25 kwa shata ya 1/50. Timelaini nayo iweke 25 kabla hujaingiza klipu hata moja, kwa sababu Resolve ikishapokea picha haikuruhusu tena kubadilisha kasi ya fremu ya mradi. Mwalimu akisema 24, mheshimu, endelea na 25 yako.

Umeme una lake la pili. Kurenda filamu ya saa moja kwa mkupuo mmoja huku Luku imebakiza yuniti tatu ni kujitafutia presha. Tengeneza proksi kwanza, yaani nakala ndogo za klipu zako, uediti kwa hizo, laptopu itapumua. Ukifika kwenye kutoa kazi, renda vipande vya dakika kumi kumi kwa kodeki ya DNxHR, halafu uviunge. Umeme ukikatika, umepoteza kipande kimoja, na usingizi bado unao.

Tuje kwenye ndege. Kipawa tumepakana na uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, na ndege haisubiri mwigizaji amalize kulia. Umepiga tukio la mke akimwambia mumewe kwamba anaondoka. Kwenye klipu ya mke, ndege inapita. Kwenye klipu ya mume, kimya. Ukizikata na kuziunga, muungurumo unatokea na kukatika, unatokea na kukatika, na mtazamaji anaacha kuwasikiliza wanandoa anaanza kusikiliza kosa lako. Dawa yake ipo. Siku ya kupiga, kabla hamjaondoka, waombe watu wote wanyamaze dakika nzima, urekodi sauti ya eneo hilo likiwa tupu, pamoja na kuku wake na redio ya jirani. Rekodi na ndege moja nzima, tangu inasikika kwa mbali mpaka inapotea. Kwenye Fairlight, tandika sauti ya eneo hilo chini ya tukio lote, kisha pitisha ndege yako juu ya mikato yote, moja kwa moja bila kukatika. Kwenye maongezi punguza sauti nzito zilizo chini ya hezi 80. Sasa ndege imekuwa sehemu ya hadithi: mume ananyamaza ipite, halafu ndipo anajibu. Hilo huwezi kulipata kwenye pakiti yoyote ya trenzisheni.

Kuhusu mahali pa kukata, soma kitabu kidogo cha Walter Murch kiitwacho *In the Blink of an Eye*. Murch ndiye aliyeijenga sauti ya *Apocalypse Now*, na kwenye orodha yake ya sababu za kukata picha, hisia peke yake ameipa asilimia 51. Mpangilio wa watu na vitu ndani ya eneo uko mkiani na asilimia 4. Yaani mwigizaji akilia vizuri, mwache alie, hata kama kikombe kimehama mkono. Kisha tafuta *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, iliyooneshwa Toronto mwaka 2021. Itazame mara moja kwa starehe, mara ya pili uzime sauti, uandike ni wapi picha imebadilika na uso wa nani ulibaki.

Efekti zinakuja mwisho, na kwa hizo kuna Blender. Ni ya bure kabisa, na ina kifaa cha kufuatilia mwendo wa kamera. *Flow*, katuni ya paka kutoka Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender, ilishinda Oscar mwaka 2025. Usikimbilie helikopta. Chukua picha ya Barabara ya Nyerere, uondoe bango la mtandao wa simu lililo nyuma ya mwigizaji wako anayeigiza miaka ya sabini. Ukiweza hilo, kamera ikiwa inatembea, bila mtu kugundua, wewe ni fundi. Mawingu na michoro ya kuvalisha nyuso za vitu, vichukue kwenye tovuti ya Poly Haven, ambako kila kitu ni cha CC0, huombi ruhusa wala hulipi.

Sauti zichukue Freesound, hazina iliyoanzishwa mwaka 2005 na chuo kikuu cha Pompeu Fabra cha Barcelona. Ila soma leseni. CC0, tumia upendavyo. Ikiandikwa BY, mtaje aliyerekodi. Ikiandikwa NC, iache kwenye kazi ya kulipwa, na harusi ni kazi ya kulipwa. Wimbo wa msanii ni habari nyingine: ile imani ya kwamba sekunde kumi ni bure haimo kwenye sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999, na YouTube inautambua wimbo hata kwa kipande. Mwenzako naye anakula kwa kazi yake. Andika majina ya waliokupa sauti kwenye orodha ya mwisho wa filamu, kwa tahajia walizojiita.

Halafu nakala. Kule Wakaliga, Kampala, Nabwana I.G.G. alitengeneza *Who Killed Captain Alex?* kwa kompyuta alizoziunga mwenyewe kwa vipuri, akaitoa mwaka 2010, na dunia nzima ikazipenda helikopta zake za kompyuta. Filamu asilia ilipotea. Inayotazamwa leo ni ile ambayo msimulizi VJ Emmie anazungumza juu yake tangu mwanzo hadi mwisho. Nunua diski ngumu mbili. Moja ikae mezani kwako, ya pili mpelekee dada yako Gongo la Mboto, na mwambie asiwaache watoto wajaze katuni humo.