Petroli Imeshuka

Wenzangu wanangoja habari ziwafuate WhatsApp, zikiwa zimeshatiwa chumvi na mashangazi wanne. Mimi natumia RSS. Ile alama ya rangi ya machungwa, nukta yenye matao mawili, ndiyo yenyewe. Unajiunga na mlisho wa tovuti uipendayo, basi kila kikiandikwa kipya kinakuja chenyewe kwenye programu yako, kwa mpangilio wa saa, bila mtambo wa mtu kukuchagulia cha kupenda. Ni kitu cha mwaka 1999, kilianzia Netscape, na nabishana na yeyote kwamba bado hakijapata mpinzani. Google Reader, niliyokuwa nikisomea milisho yangu, ilipofungwa tarehe 1 Julai 2013 nilishinda nimenuna, hadi mke wangu akauliza nani kafariki.

Nusu ya blogu nilizojiunga nazo hazisemi kitu tangu 2018, serikali ya Tanzania ilipowataka wanablogu wakate leseni. Siziondoi. Nani anafuta namba ya marehemu kwenye simu?

Sasa Jumatatu moja asubuhi, marehemu mmoja akafufuka. Blogu iliyokuwa kimya miaka yote imemwaga makala mfululizo, zote zikiwa na ule wino mzito wa "haijasomwa". Ya juu kabisa: bei ya petroli yashuka. Sikumaliza hata chai.

"Wazee, petroli imeshuka!" nikatangaza kijiweni, kabla ya salamu.

"Imeshuka kweli, Mwalimu?" akauliza kijana wa bodaboda.

"Nenda kajaze, utakuja kunishukuru."

Akaenda. Alirudi anasukuma pikipiki kwa miguu, jasho linamtiririka. Hela aliyobeba ilikuwa ya bei yangu, na yule dada wa pampu, baada ya kubishana naye mbele ya foleni nzima, alimwuliza kama hiyo bei kapewa na babu yake.

Nikatoa simu. Ushahidi ninao! Muuza kahawa akaweka birika chini, akainama, akasoma polepole huku kidole kikifuata mstari.

"Mwalimu," akasema, "mbona hapa pameandikwa Rais Kikwete?"

Kijiwe kikalipuka. Kashata ilimpalia mtu.

Ilikuwa habari ya 2015, mafuta yaliposhuka dunia nzima. Nilijaribu kuwaeleza: kila makala ina namba yake ya utambulisho, na programu nyingi huiangalia hiyo. Tovuti ikihamishwa seva na namba zikabadilika, makala za kale zinahesabiwa kuwa za leo. Maelezo sahihi kabisa. Hakuna aliyeyasikiliza, walikuwa wananiuliza kama Kikwete ameshaapishwa.

Ningefikiri kidogo ningeshtuka: EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na siku ile, nimeshasema, ilikuwa Jumatatu. Milisho yangu ipo palepale, na wewe nakushauri ujiunge nayo leo. Ila kabla hujaisoma kwa sauti kijiweni, hakikisha hakuna mwenye pikipiki.