Jinsi ya Kuokoa Macho Bila Kutupa Simu: Mwongozo kwa Wakazi wa Mpanda

Mwongozo huu ni wa dada wa steshenari pale Makanyagio anayewajazia watu fomu za ajira tangu asubuhi, wa wakala wa pesa wa Kashaulili, na wako wewe unayesoma haya huku simu imekaribia kugusa pua. Macho yanawasha, maandishi yanaonekana mawilimawili, kichwa kinagonga, na lawama zote unalitupia vumbi la kiangazi. Vumbi lina makosa yake, lakini kioo ulikishika mwenyewe.

1. Pepesa. Mtu aliyetulia hupepesa macho kama mara 15 kwa dakika. Akikodolea skrini, idadi hushuka hadi nusu au chini ya hapo, na jicho hukauka. Viboko wa Mto Katuma wametuzidi akili: maji yakipungua hubanana kwenye tope ili ngozi isikauke. Wewe tope hulihitaji. Funga macho taratibu, kope zikutane kabisa, fumbua, rudia. Na feni isikupulize usoni.

2. Tazama mbali. Kila baada ya dakika 20, angalia kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Misuli midogo ya jicho inayojikaza ili uone karibu hupata nafasi ya kulegea. Umbali Mpanda hauuzwi: kuna mwembe wa jirani, kuna bodaboda zinazosubiri abiria wa treni ya Tabora. Ukiamua kutazama mwembe, tazama mwembe. Status za watu hazikimbii.

3. Panga meza. Kompyuta ikae umbali wa mkono ulionyooshwa, kioo kikiwa chini kidogo ya usawa wa macho. Dirisha liwe ubavuni, si mbele wala nyuma yako. Kwenye simu, kuza maandishi, na usiku punguza mwanga.

4. Linda mfuko. Kabla ya kununua miwani ya kuzuia mwanga wa bluu, jua kwamba uchambuzi wa tafiti wa shirika la Cochrane wa mwaka 2023 haukuona ikipunguza uchovu wa macho kwa muda mfupi kuliko miwani ya kawaida.

5. Jicho si chungu cha mboga. Usilitie maziwa ya mama, maji ya majani, wala matone aliyobakiza shemeji. Matone yenye steroidi yakitumiwa kiholela yanaweza kupandisha presha ya jicho, na presha hiyo hupofusha.

6. Kapime. Ukivuka miaka 40 na mkono ukaanza kuwa mfupi kwa kusomea simu, ni umri. Miwani ya kusomea inatosha, na haina aibu. Lakini jicho likiuma na kuwa jekundu, au uoni ukipungua ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo. Simu ikiharibika fundi yupo. Jicho likifa, hakuna duka linalouza jingine.