Pete Iliyolewa Zebaki

Mtoto alikuwa bado ananimiminia maji ya kunawa pale mama mkwe alipoukazia macho mkono wangu. "Baba, ile dhahabu ya mwanangu umemuuzia nani mpaka unavaa fedha?" Wajomba wanne wakaacha kutafuna. Mke wangu akatazama juu, kwenye mabati, ambako hakukuwa na cha kutazamwa.

Sikuuza kitu. Jana yake shemeji alinipeleka mwaloni kwake, anakosafishia dhahabu, si mbali na Buzwagi, nikatumbukiza mkono kwenye karai la zebaki kwa sababu tu msumari ulikuwa unaelea humo. Lita moja ya zebaki ina kilo 13 na nusu; ya chuma haifiki hata 8, basi kinaelea kama kifuu. Chuma na zebaki hawajuani. Lakini dhahabu! Ikikutana na zebaki inalegea, wanakuwa uji mmoja mweupe, na hivyo ndivyo wachimbaji wadogo wanavyonasa vumbi la dhahabu lisiloonekana kwa macho. Mkono ulipotoka, pete ilikuwa imevaa kanzu. Nikadhani sabuni itatosha.

Tena dhahabu na zebaki ni majirani wa ukuta kwa ukuta: namba 79 na namba 80 kwenye jedwali la elementi. Atomu zao ni nzito kiasi kwamba elektroni za ndani kabisa hukimbia zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga, na hapo ndipo nadharia ya Einstein inapoingia kazini. Mbio hizo huifanya dhahabu imeze mwanga wa buluu ibaki njano. Mwaka 2013 watafiti walipiga hesabu wakaonyesha kuwa ndizo pia zinazoifanya zebaki iwe majimaji. Bila mbio hizo, dhahabu ingefanana na fedha. Nilimweleza mama mkwe yote haya. Akamuuliza binti yake huyo Einstein anakaa wapi, na kama ndiye aliyeinunua pete.

 

Shemeji alikuwa na dawa: "Ichome kwenye kikaango, itarudi njano." Ni kweli. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, dhahabu hubaki. Ila zebaki haipotei, inahamia kifuani mwa aliye karibu. Haina harufu, huenda ubongoni na kwenye figo, na kwa mjamzito hupita hadi kwa mtoto. Mkataba wa Minamata wa kuidhibiti ulitiwa saini tangu 2013, na chombo cha chuma cha kunasia mvuke wake kipo. Pale mwaloni sikukiona. Mnunuzi anakuja na mizani ya kupima hata punje ya dhahabu. Wa kupima hewa wanayovuta akina mama na watoto pale hajawahi kuja.

Pete nimeifungia kwenye kichupa, bado nyeupe. Kikaango cha shemeji kimechoma dhahabu mara mbili tangu Jumamosi, na leo asubuhi kimekaanga mayai.