Safu ya Ushauri: Saa Moja Iliyopotea kati ya Nairobi na New York

Shauri zito kuliko yote yaliyofikishwa mbele ya safu hii ni la mke mmoja wa Nakuru, ambaye mumewe husafiri kwa ndege ya moja kwa moja, safari iliyoanzishwa Oktoba 2018, na ambaye amebaini kuwa kwenda New York huchukua takriban saa 15 ilhali kurudi huchukua takriban 14, hivyo anataka kujua saa hiyo moja mumewe huitumia wapi, na kwa nani.

Bibi huyo anashauriwa aushtaki upepo. Katika anga la kaskazini, kwenye kimo cha kilomita 10 hivi, ambako ndege za abiria hupita, huvuma mkondo wa upepo wa juu, yaani ukanda mwembamba wa hewa iendayo kasi kutoka magharibi kwenda mashariki, unaozaliwa na tofauti ya joto kati ya tropiki na ncha ya dunia. Kasi ya ndege, tuseme kilomita 900 kwa saa, ni kasi ndani ya hewa hiyo, wala si juu ya ardhi. Kwa hiyo upepo wa kilomita 60 ukiikabili, ndege huipita ardhi kwa kilomita 840, na ukiisukuma, kwa 960. Upepo huo ukidumu kwa kilomita 7,000 tu za njia, saa nzima hupatikana bila mwanamke wa pili kuhitajika.

Mzee wa Machakos naye hasadiki uchovu wa mkwewe, kwa kuwa ndege iliyoondoka Nairobi saa tano usiku ilitua New York saa kumi na mbili asubuhi, na kwa hesabu ya mzee hizo ni saa saba, ambazo hazitoshi kumzuia mtu kuhudhuria kikao cha mahari. Saa za miji miwili hazitolewi moja kwa nyingine kabla ya kuwekwa kwenye majira mamoja: wakati wa baridi New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane (saba, Wamarekani wanaposogeza saa zao mbele), na saba kujumlisha nane ni 15. Mkwe amechoka kwa haki. Mahari ni jambo jingine. Wakati wa kurudi hesabu ya mzee itatoa saa 22, naye anaonywa asimwonee huruma kupita kiasi.

Mwanafunzi wa Kisumu aliyepima kwa rula kwenye ramani ya Mercator, mchoro wa mwaka 1569 uliowafaa mabaharia kwa kuwa mstari ulionyooka juu yake hushika mwelekeo mmoja wa dira, amepata njia ndefu kwa karibu kilomita 350 kuliko ile fupi ya takriban 11,830. Njia fupi hufuata duara kuu, yaani duara linaloigawa dunia nusu kwa nusu, nayo huonekana uzi ukikazwa juu ya tufe: hupita Chad, Algeria na Moroko kabla ya kuingia Atlantiki. Mwalimu aliyemkosoa alikuwa sahihi, jambo ambalo safu hii hulikubali kwa shingo upande.