Trafiki Ana Tochi, Mimi Sina Taa

Ukinikuta usiku Barabara ya Morogoro nimeinamia usukani kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka, usidhani nimelewa. Nasoma spidi. Taa za dashibodi yangu zilikufa moja baada ya nyingine: ilianza ya geji ya mafuta, ikafuata ya geji ya joto, mwisho ya mita ya spidi yenyewe ikaingia kaburini. Tangu hapo, jua likizama Dar es Salaam saa kumi na mbili na ushei, nami huzama nalo.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla 110, toleo la 1997, lililopanda meli baada ya Mjapani kulichoka. Mita yake inaishia 180. Sijawahi kufika huko wala sina mpango, lakini mwenye gari ana haki ya kujua mshale wake umelala wapi.

Nilijaribu kuishi na giza. Kwanza nilimpa mama watoto kazi ya kumulika kwa simu. Akamulika macho yangu, akamulika mkoba wake, na alipoupata mshale simu ikalia, akapokea. Nikahamia kwenye nguzo za taa za barabarani: nikipita chini ya nguzo nasoma, nguzo ikibaki nyuma nabahatisha. Mwisho nikapima kwa bodaboda. Wakinipita wote, niko chini ya 50. Nikimpita mmoja, nimezidi.

Kipimo hicho kilifanya kazi mpaka jioni moja bodaboda walipogoma kutokea. Mbele yangu akasimama askari na ile mashine yao ya kupimia mwendo, ambayo sisi wote tunaiita tochi.

“Mzee, 63. Hapa ni makazi, mwisho 50.”

“Afande, namba zako zinawaka vizuri sana.”

“Na zako?”

“Zangu haziwaki.”

Akachungulia dirishani, akaona shimo jeusi nyuma ya usukani, akacheka mpaka kofia ikakaa upande. “Kwa hiyo umekuja kusomewa?” Kisha akaniandikia 30,000. Faini ni halali yangu, sibishani. Ila mwenzangu anaona spidi yangu akiwa mita mia moja, na mimi niliyekaa ndani ya gari siioni. Siku hiyo nikaapa kununua taa.

Kesho yake nikawa Gerezani, Kariakoo, kwenye maduka ya spea.

“Naomba globu za dashibodi.”

“T5 au T10, mzee?”

Mimi nimezoea kununua vitu kwa kunyoosha kidole. Kijana akanihurumia, akanieleza kwamba hiyo namba ni unene wa globu kwa milimita. Nene humulika mita, nyembamba hukaa kwenye taa za onyo: oili, betri, handibreki na ndugu zao. Globu ya kawaida ilikuwa 500. LED ilikuwa 2,000, haili umeme mwingi, haipati joto sana, “na inakaa, mzee, utaiacha urithi.” Nikachukua LED nne za bluu za kumulikia, na T5 mbili za kawaida za akiba. Bluu alichagua yeye.

Fundi wangu wa Kimara anafanyia kazi chini ya mwembe. Alitazama, akasema, “Dakika kumi, mkuu.” Ilikuwa saa nne asubuhi. Kwa hesabu za gereji, dakika kumi huisha alasiri.

Nisimwonee, alianza vizuri. Alichomoa terminali hasi ya betri, akashusha usukani, akafungua skrubu za juu, akang’oa fremu ya plastiki, akafungua skrubu za mita. Skrubu moja ilimponyoka, ikadondoka kwenye tumbo la dashibodi. Ipo humo hadi leo. Nikipita kwenye tuta huwa inanisalimia.

Mita ilipotoka, nyuma yake nikaona karatasi ya plastiki iliyochorwa njia za umeme kama mchoro wa mtaa, na soketi ndogo zimepangwa juu yake. Soketi hizo hazina skrubu. Unazungusha robo, inatoka. Ndani, globu nne za zamani zilikuwa nyeusi kama chungu cha maharage. Fundi akapachika LED zangu, akarudisha nyaya, akawasha. Mbili zikawaka. Mbili kimya.

“Mkuu, umeuziwa feki.”

Gari lilikuwa halina uso, hivyo nikapanda mwendokasi kutoka Kimara hadi Gerezani nimesimama, kifua kinachemka, zile mbili nimezishika mkononi kama ushahidi. Dukani nilianza kwa sauti ya juu ili na majirani wasikie. Kijana hakujibu. Akaigusisha LED moja kwenye betri: giza. Akaigeuza: mwanga wa bluu ukanipiga usoni. Ya pili hivyo hivyo.

“Mzee, globu ya zamani haina kichwa wala miguu, ukiichomeka vyovyote inawaka. LED inapitisha umeme upande mmoja tu. Mwambie fundi azigeuze.”

Nauli ya kwenda na kurudi, ili nikaambiwe nigeuze! Nilipomfikishia fundi ujumbe, hakuona haya hata kidogo. “Si ndiyo nilichosema, mkuu?”

Wakati anageuza, akasimama. “Hapa kuna nyumba haina mpangaji.” Akanionyesha soketi moja tupu, haina globu kabisa. Nikauliza ni ya nini.

“Taa ya injini.”

Naomba uelewe uzito wa jambo hili. Kwa miaka sita nimejisifu kijiweni kwamba taa ya injini ya gari langu haijawahi kuwaka. Nimemdharau shemeji yangu, ambaye ya kwake inawaka kila mwezi. Nimewapa watu ushauri wa oili bila kuombwa. Kumbe aliyeniuzia gari alishaifunga mdomo injini kabla hajanikabidhi funguo.

Nikatoa T5 moja ya akiba, ikapachikwa. Fundi akafungua swichi bila kupiga stata, na taa zote za onyo zikawaka, kama inavyotakiwa. Akapiga stata. Oili ikazima. Betri ikazima. Akashusha handibreki, ikazima nayo. Ya injini ikabaki, njano kama kiini cha yai, inanikodolea macho. Ilikuwa na miaka sita ya maneno.

Fundi akanihurumia. “Usijali mkuu, hiyo nakuondolea kwa 5,000.”

“Utatengeneza nini?”

“Natoa globu.”

Usiku huo nilimtoa mama watoto akaone mwanga. Ile swichi ya kupunguza mwanga wa dashibodi LED hizi haziiheshimu. Zinawaka kabisa au zinazima kabisa. Kioo cha mbele kiligeuka bluu, uso wangu ukawa bluu. Akatazama kimya mpaka Ubungo, ndipo akauliza, “Hili ni gari au friji ya soda?” Lakini 48 niliiona ni 48, tena bila kuinama.

Taa ya injini bado inawaka. Globu nimekataa itolewe, na kwa fundi wa injini sijaenda. Nasubiri mwisho wa mwezi kama kila Mtanzania. Wewe unayekwenda kununua gari la mkononi, acha kupiga teke tairi. Fungua swichi usipige stata, uhesabu taa za onyo: oili, betri, injini, zote ziwake. Kisha piga stata, uone zikizima. Ambayo haikuwaka kabisa ndiyo ya kumuuliza muuzaji, na akikwambia gari ni zima, mwambie globu ni shilingi 500, utamnunulia wewe.